Ndege Yule, Ndege Ile

Mtangazaji wa redio akisema "ndege imegonga ndege," msikilizaji wake hubaki nusu ya njia. Ya kwanza anaijua, kwa kuwa kiambishi kimekwisha kumwambia kwamba ni chombo. Ya pili haijavaa kiambishi chochote: huenda ni chombo kingine, na basi watu wengi wamekufa, au huenda ni kunguru. Kiswahili kilipoletewa mashine ya kuruka kiliiita eropleni kwa muda, kisha kikaona hakuna haja ya kukopa, maana kirukacho angani kilikuwa na jina tayari. Kazi ya kutenganisha ikaachiwa sarufi. Ndege yule ana uhai. Ndege ile haina. Watu wa pwani walikuwa hata na ndege ya tatu, ile ya ishara: aliyetoka alfajiri akaona jambo la kumtisha alisema amepata ndege mbaya, akaahirisha safari.

Mgongano wa hao wawili wa kwanza una umri karibu sawa na usafiri wa anga wenyewe. Tarehe 7 Septemba 1905, Orville Wright aliandika katika shajara yake kwamba, akizunguka juu ya shamba la mahindi huko Ohio, alifukuza kundi la ndege na kumuua mmoja, ambaye aliangukia juu ya bawa la mashine na kukaa hapo mpaka rubani alipokata kona kali. Alikuwa ndege gani, shajara haisemi. Miaka saba baadaye Calbraith Rodgers, mtu wa kwanza kuivuka Marekani kwa ndege, alianguka na kufa katika ufuo wa Long Beach, California, baada ya kujikuta katikati ya kundi la shakwe. Kwa muda mrefu baada ya hapo visa vya namna hiyo vilihesabiwa kuwa ajali za bahati, mfano wa radi. Mtu haulizi jina la radi iliyompiga.

Swali la jina liliulizwa kwa mara ya kwanza, kwa uzito wake wote, mwaka 1960. Jioni ya tarehe 4 Oktoba, ndege ya abiria aina ya Lockheed Electra iliruka kutoka uwanja wa Logan, Boston. Sekunde chache baada ya magurudumu kuiacha ardhi, iliingia katika kundi la ndege wadogo. Injini tatu kati ya nne zikapoteza nguvu, chombo kikalalia ubavu na kutumbukia katika maji ya ghuba. Kati ya watu 72 waliokuwamo, 62 walikufa. Wakati huo Electra ilikuwa mshukiwa tayari: mbili za aina hiyo zilikuwa zimekatika mabawa angani, moja Septemba 1959 na nyingine Machi 1960, na abiria wengi walikuwa wamekwisha kuipitishia hukumu. Ilikuwa rahisi sana kuongeza maiti za Boston katika hesabu ileile. Lakini ndani ya injini zilizoopolewa majini wachunguzi walikuta uchafu mweusi wenye manyoya, nao hawakujua wafanye nini nao. Wakaupeleka Washington, katika jumba la makumbusho ya historia ya asili la Smithsonian.

Huko alikuwako mwanamke aliyeitwa Roxie Laybourne. Alizaliwa North Carolina mwaka 1910, na tangu 1944 kazi yake Smithsonian ilikuwa kuandaa ngozi za ndege: kuwachuna, kuwajaza pamba, kuwafunga kibandiko mguuni na kuwalaza chali ndani ya makasha. Ni kazi ya mikono, isiyo na sifa nyingi, na miaka mingi ya kuifanya ilikuwa imempa ujuzi ambao hakuna kitabu kilichokuwa nao. Aliosha yale manyoya, akayakausha, akayalinganisha na ngozi zilizokuwa katika makasha. Akatoa jina: kwezi wa Ulaya. Ndege wa gramu zipatazo 80, mzito kidogo tu kuliko yai la kuku, ambaye hata hakuwa mwenyeji wa Amerika; aliletwa na binadamu na kuachiwa huru katika bustani ya Central Park, New York, mwaka 1890.

Inafaa kusimama kidogo katika namna alivyofanya kazi, kwa sababu njia aliyoikuza Laybourne baada ya kisa hicho ndiyo teknolojia yenyewe, ingawa haina taa wala kioo cha kompyuta. Mtu wa kawaida akitazama unyoya huangalia sehemu ya juu, yenye rangi na umbo. Sehemu hiyo ndiyo injini huichana na kuichoma kwanza. Chini yake, karibu na ngozi, kuna vinyuzi laini vya kumtia ndege joto, vyepesi kama malaika ya mtoto mchanga, ambavyo mfugaji wa kuku hupuliza tu vikapotea. Vinyuzi hivyo vikiwekwa chini ya hadubini huonekana vina vifundo, mithili ya mianzi, na umbo la vifundo, nafasi iliyopo kati yake na rangi iliyotulia ndani yake si sawa kwa njiwa, kwa bata na kwa kwezi. Laybourne alivisoma hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini, hata baada ya kustaafu, na karibu mpaka alipofariki mwaka 2003. Aliwasaidia wapelelezi wa makosa ya jinai pia, mahali ambapo unyoya mmoja ndio uliokuwa shahidi pekee.

Kwa nini jina? Mhandisi hawezi kuunda injini ya kustahimili "ndege". Anaweza kuunda injini ya kustahimili gramu 80, au kilo moja, au kilo mbili. Ilipojulikana ni nani hasa anayeingia ndani ya injini, iliwezekana kuweka viwango vya majaribio. Wahandisi wana mzinga wa hewa iliyoshindiliwa unaofyatua kuku aliyekufa kuelekea kioo cha mbele au mapanga ya injini, kwa mwendo wa ndege inayopaa. (Mzaha unaosimuliwa viwandani ni wa mafundi wa nchi fulani, kila msimulizi na nchi yake, waliosahau kumyeyusha kuku wao kutoka kwenye barafu, akatoboa kioo, kiti na ukuta wa nyuma.) Mzinga ni mashine; uzito wa kuku unaopakiwa ndani yake ulitokana na makasha ya makumbusho.

Wakati mwingine jina lililotolewa lilibadilisha hata mawazo ya watu juu ya anga. Tarehe 29 Novemba 1973, juu ya Abidjan, ndege ya abiria iliyokuwa katika kimo cha futi 37,000, yaani zaidi ya mita 11,000, iligonga kitu. Injini moja iliharibika ikazimwa, na chombo kikatua salama. Katika kimo hicho binadamu asiye na hewa ya kupumulia hupoteza fahamu kabla hajamaliza kusali. Manyoya machache yalipelekwa Washington, na Laybourne akaandika matokeo mwaka uliofuata: tumbusi wa Rüppell. Mpaka leo hakuna ndege aliyethibitishwa kuruka juu zaidi.

Tumbusi huyo si mgeni kwa wasomaji wa Tanzania. Huzaa katika majabali ya milima ya Gol, mashariki ya nyanda za Serengeti, na kutoka huko husafiri mbali kila siku kuzifuata nyumbu zinazohama. Miaka michache kabla ya kisa cha Abidjan, mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza, Colin Pennycuick, alikuwa Afrika Mashariki akiwachunguza kwa namna isiyo ya kawaida. Alikuwa na glaida yenye injini ndogo. Alipomwona tumbusi au korongo akizunguka ndani ya mkondo wa hewa ya moto ipandayo, alizima injini, akaingia katika mkondo uleule na kuzunguka naye, akipima wanavyopanda na wanavyoshuka. Hakuwa akitafuta usalama wa abiria wowote. Alitaka kujua mwili mzito namna ile unawezaje kwenda mbali bila kupiga mabawa. Matokeo aliyachapisha mwaka 1972.

Katika muongo wa 1980 njia hiyohiyo ya kuruka pamoja nao ilitumika mahali ambapo haja ilikuwa ya maisha na kifo. Ndege wakubwa wanaohama kutoka Ulaya kuja Afrika hawapendi kuvuka Bahari ya Kati, kwa sababu juu ya maji hakuna mikondo ya hewa ya moto. Huizunguka bahari kwa mashariki, na wote wakasongamana katika kishingo chembamba cha nchi kavu. Mamia ya mamilioni ya ndege hupita juu ya Israeli mara mbili kwa mwaka, katika anga ndogo ambayo jeshi la anga la huko huijaza ndege za kivita ziendazo kasi kubwa karibu na ardhi. Jeshi hilo lilikuwa limepoteza ndege kadhaa kwa migongano. Mtaalamu wa ndege Yossi Leshem alipanda glaida yenye injini, akawafuata korongo weupe, mwari na vipanga kwa saa nyingi, siku baada ya siku, akiandika kimo, mwendo, saa ya kuamka na saa ya kutua. Rada na waangalizi wa ardhini wakaongezwa juu ya msingi huo. Ikaonekana kwamba makundi yale, yaliyodhaniwa kuja ovyo, yana ratiba: kila aina ina majuma yake, njia yake na kimo chake, kwa usahihi wa kumwaibisha mwendesha basi. Jeshi likachora ramani za mahali na wakati wa kutoruka chini, na migongano yenye madhara makubwa ikapungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Korongo hao weupe ndio wanaoshuka mwishoni mwa mwaka katika mashamba ya Kenya na Tanzania na kuwala viwavijeshi. Mkulima anayefurahi kuwaona wakitembea kwa madaha nyuma ya trekta hana habari kwamba wiki chache zilizopita marubani walikuwa wamezuiwa wasiruke ili hao wapite.

Lakini somo la Leshem lina mpaka, nao haupaswi kufichwa. Jeshi linaweza kuahirisha zoezi mpaka mchana. Shirika la abiria lenye ndege sitini zinazosubiri zamu haliwezi kirahisi. Uwanja wa Seattle ulifunga rada ya kuwatazama ndege mwaka 2007, wa kwanza kufanya hivyo miongoni mwa viwanja vya abiria vya Marekani, na rada hiyo imewafundisha watunzaji wa uwanja mengi kuhusu nani hupita usiku na wapi hulala. Kinachosumbua ni dakika yenyewe. Rada huonyesha nukta. Nukta inaweza kuwa bata mmoja au vijumbamshale hamsini. Inaweza kugeuka kabla mwongoza ndege mnarani hajafungua kinywa. Na rubani aliyekwisha kuanza kupaa hana njia nyingine ya kupitia. Akionywa mara kumi bila kuona kitu, onyo la kumi na moja halitamfaa.

Vifaa vya kutishia ndivyo vinavyopendwa zaidi na magazeti. Kuna mizinga ya gesi, sauti za ndege anayelia kwa hofu zilizorekodiwa, leza, droni. Waholanzi wameunda kozi wa bandia anayepiga mabawa, aitwaye Robird, na mwaka 2017 alipelekwa kufanya kazi katika uwanja wa Edmonton, Kanada. Anapendeza kumtazama. Vyote hufaa kwa muda, kisha ndege huzoea. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini kunguru aliyesikia mzinga uleule kila alfajiri kwa majuma mawili bila kuona maiti ya mwenzake huanza kuutumia kama saa ya kuamkia. Kozi wa kweli hatishi kwa umbo peke yake; anatisha kwa sababu siku moja atakula.

Ndiyo maana watu wa viwanjani, wakiulizwa faraghani, huzungumza zaidi juu ya nyasi, mitaro na takataka. Tarehe 15 Septemba 1988, ndege ya Ethiopia aina ya Boeing 737 iliruka kutoka Bahir Dar, kando ya ziwa Tana, ikaingia katika kundi la njiwa. Injini moja ilipoteza nguvu papo hapo, ya pili ilikufa wakati marubani wakijaribu kurudi uwanjani, na ilipotua kwa tumbo ikashika moto. Watu 35 kati ya 104 walikufa. Njiwa si ndege wa ajabu. Hufuata nafaka, maji na mahali pa kutua, na kiwanja chenye vyote hivyo kimewaandikia barua ya mwaliko. Vivyo hivyo korongo wa majalalani, ambao watu wa Kampala huwaita kaloli: Nairobi wamejaa katika migunga ya barabara ya Mombasa, barabara ileile iendayo uwanja wa ndege, nao hawakuja kutafuta mandhari. Miongozo ya kimataifa hutaka majalala yawe mbali na viwanja, kilomita 13 au zaidi. Ni teknolojia ya gari la taka. Haina wa kuipiga picha, na humhitaji diwani atakayekubali kuwakasirisha watu.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote kilitokea New York tarehe 15 Januari 2009. Airbus A320 iliyoruka kutoka LaGuardia ilikutana na bata bukini wa Kanada katika kimo cha mita zipatazo 860. Injini zote mbili zilikufa karibu kabisa. Baada ya dakika tatu na nusu hivi, Chesley Sullenberger na msaidizi wake Jeffrey Skiles walikuwa wameiweka juu ya mto Hudson, na watu wote 155 walitoka hai. Injini za aina ile zilikuwa zimepimwa kwa ndege mkubwa wa kilo 1.8, na hata kwa huyo hazikutakiwa kuendelea kufanya kazi. Zilitakiwa zife bila kupasuka wala kuwaka. Bata bukini wa Kanada hufika kilo nne.

Dunia ilimtazama rubani. Washington walitazama manyoya. Maabara ambayo Laybourne aliianzisha, chini ya mwanafunzi wake Carla Dove, ilithibitisha aina ya ndege kwa unyoya na kwa DNA, kisha likaulizwa swali jingine: bata bukini wa wapi? Maana New York ina bata bukini wa aina mbili kwa tabia. Kuna wakazi, wasiohama, wanaoishi katika bustani na viwanja vya gofu mwaka mzima, na kuna wasafiri wanaozaa kaskazini na kushuka wakati wa baridi. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Unyoya unaweza. Maji ya mvua ya kaskazini hayana kiasi kilekile cha hidrojeni nzito kama ya kusini. Nyasi huyanywa, bata hula nyasi, na unyoya ukishaota hubaki na alama ya mahali ulipoota, kama muhuri katika pasi ya kusafiria. Isotopu za hidrojeni zilipopimwa, jibu likaja: hawa walikuwa wasafiri, wa upande wa Labrador, Kanada.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka uleule wa 2009. Majira hayohayo ya kiangazi, wakuu wa New York waliwakusanya na kuwaua bata bukini zaidi ya elfu moja waliokuwa wakiishi karibu na viwanja vya ndege. Mwaka 2010 karibu 400 wengine walichukuliwa katika bustani ya Prospect Park, Brooklyn. Walichukuliwa katika majuma ambayo bata bukini hubadilisha manyoya ya mabawa na hawawezi kuruka, wakauawa kwa gesi. Wakazi waliozoea kuwatazama pale ziwani walikwenda asubuhi wakakuta maji matupu.

Haitakuwa haki kuwaita wakuu hao wajinga. Bata mkazi aliye karibu na uwanja siku zote 365 ni hatari kweli, na mara nyingi ni hatari kuliko msafiri apitaye siku mbili. Mtu mwenye dhamana ya abiria hawezi kungoja mgongano wa pili ili apate hoja nzuri zaidi. Hata hivyo kuna jambo lisilokaa sawa katika mfuatano huo. Kwa mara ya kwanza tangu Orville Wright, binadamu waliweza kusema si aina tu ya ndege aliyeigonga ndege, bali hata nchi aliyotoka. Na katika miezi ileile aliuawa jirani yake asiyehusika, kwa sababu jirani alikuwa karibu, na hakuweza kuruka.

Bodi ya Marekani ya usalama wa usafirishaji ilitoa ripoti yake mwaka 2010. Katika mahitimisho yake ilikiri kwamba hakukuwa wakati huo na badiliko lolote la kiufundi, la kanuni au la uendeshaji katika kudhibiti wanyamapori, rada ikiwamo, ambalo lingepunguza uwezekano wa kisa kama kile kutokea tena. Mgongano ulikuwa mbali na uwanja na juu ya kimo ambacho watunzaji wa uwanja wanaweza kukifikia. Ni nadra taasisi ya namna hiyo kuandika sentensi ya namna hiyo, na nadra zaidi wasomaji kuikumbuka, kwa kuwa habari ya rubani ilikuwa nzuri mno.

Maabara ya Washington bado hupokea bahasha kwa maelfu kila mwaka, kutoka viwanja vya jeshi na vya abiria. Nyingine zina bawa zima. Nyingi zina doa tu la damu na nyama lililofutwa kwenye pua ya ndege, ambalo wafanyakazi wa pale wamelibunia jina la utani, snarge. Anayeokota hupewa maelekezo mafupi. Doa kavu lifutwe kwa kitambaa chenye maji au alkoholi, wala asitumie dawa ya kung'arishia nguo, maana huharibu DNA. Asibandike manyoya kwa gundi ya karatasi. Aandike tarehe na mahali. Na akimkuta ndege mzima, ang'oe manyoya kwa vidole, asiyakate kwa mkasi, kwa sababu mkasi huacha mwilini ile sehemu laini ya chini, na hiyo ndiyo inayosomwa.